Kapita Asiyezuiwa Huharibu Kazi

Kila mtu aliyepata kufanya kazi mgodini, shambani au barabarani ajua kapita ni nani. Yeye habebi mzigo wala hachimbi shimo. Kazi yake ni kuamuru. Akisema, «Anzeni,» watu hushika majembe. Akisema, «Basi,» watu hupumzika. Kapita mwenye akili ni faida kwa wote. Lakini kapita asiyejua kunyamaza, apigaye kelele ya «Anzeni» mchana na usiku, huwachosha watu, huharibu kazi, na mwisho humfilisi hata mwenye shamba.

Katika ukurasa wetu wa leo twataka kuwaonyesha ya kwamba ndani ya mwili wa mtu wamo makapita wa namna hiyo, mamia mazima, na kwamba kila mmoja amewekewa hatamu asije akapita kiasi. Twaeleza jambo hili si kwa ajili ya wanafunzi peke yao. Kuna ugonjwa mmoja wa damu utokao kwa kapita mmoja tu aliyekata hatamu yake. Zamani ugonjwa huo uliwaua karibu wote walioupata. Leo dawa ipo. Lakini dawa hiyo haitoshi bila akili na saburi ya jamaa nzima. Kwa hiyo na wazazi wasome.

Kinasi ni nini?

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho matupu. Ndani ya kila chembe mna proteini za namna maelfu, na hizo ndizo wafanyakazi: nyingine huvunja sukari, nyingine hujenga, nyingine huchukua habari. Kama zote zingefanya kazi kwa nguvu zao zote kila saa, chembe isingedumu. Lazima ziamuriwe.

Makapita wake huitwa kinasi. Kinasi yenyewe nayo ni proteini. Huchukua kipande kidogo cha fosfati kutoka katika kitu kiitwacho ATP, ambacho ni kama fedha ya nguvu ndani ya chembe, na kukibandika juu ya proteini nyingine. Mtasema: Hilo ni jambo dogo! Lakini fosfati ina umeme wake. Huvuta sehemu hii ya proteini, husukuma ile, na proteini yageuka umbo. Ufunguo ukipindwa kidogo tu, haufungui tena mlango uleule. Ndivyo zilivyo proteini: umbo lake ndilo kazi yake. Ikiisha kugeuka, proteini huanza kazi, au huiacha, au huhamia mahali pengine katika chembe.

Waliogundua jambo hili ni Edmond Fischer na Edwin Krebs, mjini Seattle katika Marekani, katikati ya miaka ya 1950. Walikuwa wakichunguza misuli, wapate kujua jinsi inavyofungua akiba yake ya sukari mtu anapohitaji nguvu. Wakaona ya kwamba proteini ivunjayo akiba hiyo hukaa imelala mpaka ibandikwe fosfati. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Tena mwaka 2002 wenye elimu walitoa hesabu ya jeni za binadamu zinazotengeneza kinasi: wakahesabu 518.

Hatamu za kinasi

Sasa mwanafunzi mwerevu atauliza: Kapita akiisha kusema «Anzeni», nani atasema «Basi»? Swali hilo ni zuri, maana ndilo hasa jambo kubwa la leo. Chembe ina hatamu za namna nyingi. Tutaje nne tu.

Ya kwanza ni wafutaji. Kuna proteini ziitwazo fosfatasi, ambazo kazi yake ni kubandua fosfati iliyobandikwa na kinasi. Kinasi yaandika, fosfatasi yafuta. Hivyo amri haidumu milele.

Ya pili ni mlinzi. Mtu akikutana na nyoka njiani, moyo wamdunda, na adrenalini yamwagika katika damu. Adrenalini haiingii ndani ya chembe za misuli. Hubisha hodi nje. Hapo ndani hutokea tarishi mdogo aitwaye cAMP, aliyegunduliwa na Earl Sutherland, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1971. Humo ndani imo kinasi moja iliyoshikwa na mlinzi wake, naye ameuziba mlango wake wa kazi kwa kipande cha mwili wake mwenyewe. Tarishi wakimfikia mlinzi, humlegeza. Kinasi yafunguliwa, yaamuru kinasi ya pili, na hiyo ya pili yaamuru proteini ivunjayo akiba ya sukari. Mtu apata nguvu za kukimbia. Hatari ikipita, tarishi huvunjwa-vunjwa, mlinzi arudia kazi yake, mlango wazibwa.

Ya tatu ni mwenzi. Kinasi nyingine haziwezi kitu zikiwa peke yake. Zile ziamuruzo chembe igawanyike kuwa mbili hungoja kwanza proteini iitwayo saiklini. Saiklini hutengenezwa kidogo kidogo, huungana na kinasi, na kazi ikiisha huharibiwa. Kwa hiyo chembe haigawanyiki ila kwa zamu yake. Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa kuyavumbua mambo hayo.

Ya nne ni kufuli lililo katika mwili wa kinasi yenyewe. Twaomba mlishike sana neno hili, kwa sababu tutalirudia. Kuna kinasi iitwayo ABL. Kwenye kichwa chake pana kipande kidogo cha mafuta. Kinasi hiyo isipokuwa na kazi, huinama, na kile kipande cha mafuta huingia katika kitundu kilicho chini ya mwili wake, kama komeo liingiavyo katika kitundu cha mwimo wa mlango. Kikiisha kuingia, kinasi yajifunga yenyewe. Haiwezi kuamuru mpaka ifunguliwe.

Basi, mwaona ya kwamba katika chembe nzima ya afya, nguvu na kizuizi hukaa pamoja. Ikiondolewa nguvu, chembe hulegea. Kikiondolewa kizuizi, huja maangamizi.

Ugonjwa wa kapita mmoja

Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford, mjini Philadelphia katika Marekani, walitazama kwa darubini chembe za damu za wagonjwa wa lukemia, yaani kansa ya damu. Ilikuwa ile lukemia ya namna moja iendayo polepole na kuzidisha chembe nyeupe. Wakaona kromosomu moja iliyokuwa fupi kuliko desturi. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alieleza sababu: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimekatika na kubadilishana vipande.

Kwa nini jambo hilo lilete ugonjwa? Kwa sababu jeni ya ABL imo katika kromosomu ya 9. Inapokatika, yapoteza kichwa chake, na mahali pa kichwa hicho yaungwa na kipande cha jeni nyingine, BCR, iliyo katika kromosomu ya 22. Proteini izaliwayo humo huitwa BCR-ABL. Angalieni imepoteza nini: imepoteza kile kipande cha mafuta. Komeo halipo tena! Zaidi ya hayo, vipande vya BCR hushikana, na kinasi hizo zikiisha kukaa karibu karibu zachocheana zenyewe kwa zenyewe. Huyu ndiye kapita asemaye «Anzeni» mchana na usiku.

Chembe moja tu katika uboho wa mfupa ikipatwa na ajali hiyo yatosha. Yaanza kuzaa watoto bila kungoja zamu, na watoto wake nao wana kapita yuleyule. Chembe nyeupe zazidi katika damu kupita kiasi. Mgonjwa achoka, akonda, atokwa na jasho usiku, na wengu lake lavimba upande wa kushoto chini ya mbavu hata ashiba upesi akila kidogo. Wengine hawasikii kitu kwa muda mrefu. Katika nchi zetu wengu huvimba mara nyingi kwa sababu ya malaria. Kwa hiyo mtu asikate shauri kwa kupapasa tumbo. Lazima damu ichukuliwe na kupimwa hospitalini.

Hapa twasema na jamaa waziwazi. Ugonjwa huu hauambukizi: mlale nyumba moja na mgonjwa, mle sahani moja, hamtaupata. Wala mtu hakuurithi kwa baba au mama, maana ile ajali ya kromosomu hutokea katika chembe moja ya uboho baada ya mtu kuzaliwa. Wala si kazi ya jirani mwenye kijicho. Wale waulizao kwa mpiga ramli nani amemroga ndugu yao hupoteza fedha, hupoteza amani ya kijiji, na, lililo baya kuliko yote, hupoteza miezi ambayo mgonjwa angekuwa amekwisha kupata dawa.

Jinsi dawa ilivyopatikana

Zamani waganga wa hospitali walikuwa na dawa za kuua chembe zigawanyikazo. Dawa hizo huua chembe mbaya na nzuri pamoja, kama mtu achomaye shamba zima kwa ajili ya magugu. Lakini ugonjwa ukiisha kujulikana kuwa kazi ya kapita mmoja, watu wachache walijiuliza: Je, haiwezekani kumziba kinywa yeye peke yake?

Wengi walidhani haiwezekani. Kila kinasi ina kishimo inamoshikia ATP, na vishimo hivyo vyafanana sana katika kinasi zote. Ukitengeneza kitu cha kuziba kishimo cha moja, hutaziba vyote mia tano, na kumwua mgonjwa? Hata hivyo Nicholas Lydon na Jürg Zimmermann, waliofanya kazi katika kampuni ya dawa ya Ciba-Geigy mjini Basel katika Uswisi, na mganga Brian Druker wa Oregon katika Marekani, hawakukata tamaa. Walipata kitu kilichoitwa baadaye imatinibu. Dawa hii huingia karibu na kishimo cha ATP wakati ABL iko katika umbo la kupumzika, na kuishikilia katika umbo hilo. Na hapa pana siri yake: kinasi zikiwa kazini zafanana sana, lakini zikiwa zimepumzika kila moja ina namna yake ya kukaa. Ndiyo sababu imatinibu hugusa kinasi chache tu na kuziacha nyingine nyingi.

Mgonjwa wa kwanza alipewa dawa hiyo mwezi wa Juni 1998. Mwaka 2001 Druker na wenzake walitangaza matokeo. Katika wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kila siku, 53 walirudiwa na hesabu ya damu ya kawaida. Mwezi wa Mei wa mwaka uleule serikali ya Marekani iliiruhusu dawa hiyo, ambayo huuzwa pia kwa jina la Glivec. Katika uchunguzi mwingine mkubwa, uliotangazwa mwaka 2017, ilihesabiwa ya kwamba wagonjwa 83 katika 100 walioanza kwa imatinibu walikuwa hai baada ya miaka 10. Kabla ya dawa za namna hii, wengi hawakupita miaka michache.

Adui ageuka, na kufuli larudishwa

Lakini adui huyu ana hila. Kwa wagonjwa wengine BCR-ABL hugeuka kidogo. Proteini hujengwa kwa vipande vilivyopangwa mstari kama shanga, na mara nyingine ushanga wa 315 hubadilishwa kwa mwingine ulio mnene zaidi pale mlangoni. Basi, imatinibu yabisha hodi, lakini haipati nafasi ya kuingia. Ugonjwa warudi. Ilibidi kutafuta dawa nyingine zenye umbo jingine. Ponatinibu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2012, huweza kupita hata hapo penye ushanga mnene, ingawa yataka uangalizi kwa sababu ya hatari ya kuziba mishipa ya damu.

Mwaka 2021 Marekani iliruhusu dawa nyingine iitwayo asiminibu. Hiyo haigusi kabisa kishimo cha ATP. Yaenda wapi? Mwakumbuka kile kitundu cha chini, ambamo kipande cha mafuta kilikuwa kikiingia kama komeo? Katika BCR-ABL kipande kile kimepotea, lakini kitundu chake kimebaki, kitupu. Asiminibu huingia humo, yakaa mahali pa komeo lililopotea, na kinasi yainama na kujifunga kama zamani. Wenye elimu hawakubuni kufuli jipya. Walichunguza lile ambalo chembe yenyewe ilikuwa nalo, wakalirudisha mahali pake.

Hili ndilo fundisho tunalotaka mlichukue nyumbani. Dawa hizi si panga la kukata, ni hatamu. Hazimwondoi kapita duniani. Humshika tu. Na hatamu, mkono ukiiachia, farasi akimbia tena.

Wajibu wa jamaa

Ndiyo sababu vidonge humezwa kila siku. Imatinibu haidumu mwilini: baada ya saa 18 hivi, nusu yake imekwisha kutoka katika damu. Tena katika uboho hubaki chembe chache za mbegu ya ugonjwa, ambazo dawa yazituliza bila kuzimaliza. Mgonjwa aonapo nguvu zimerudi, wengu limepungua, anakula vizuri na analima, shauri baya humjia: «Nimepona, vidonge vya nini tena?» Au ndugu wamwambia: «Tuviuze, tulipe ada ya shule.» Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Uchunguzi mmoja wa London, uliotangazwa mwaka 2010, uliwafuata wagonjwa 87 waliokwisha kutumia imatinibu kwa miaka. Wale waliomeza zaidi ya vidonge 9 katika kila 10, karibu wote walifika mahali ambapo ugonjwa hauonekani ila kwa vipimo vikali sana. Wale wasiofikia kiasi hicho, wachache tu walifika. Vidonge vilikuwa vilevile. Tofauti ilikuwa ni uaminifu wa kumeza. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, jamaa yenye mgonjwa wa namna hii yafaa ishike mambo haya:

Kwanza, kidonge kimezwe kila siku saa ileile, pamoja na chakula, na maji bilauri nzima. Mama au mtoto mkubwa awe mkumbushaji.

Pili, mgonjwa akivimba macho, akikakamaa misuli au akiona kichefuchefu, asiache dawa kwa siri. Amwambie mganga wa hospitali. Mara nyingi shida hizo hutulizwa.

Tatu, dawa za miti shamba zisichanganywe na vidonge bila mganga kujua, kwa sababu nyingine huzuia dawa isifanye kazi yake, na nyingine huizidisha mno.

Nne, mwanamke atumiaye dawa hii akitaka kupata mtoto, au akijiona ana mimba, amwambie mganga upesi, maana dawa yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Tano, siku za kupima damu zisipitwe. Wapo wagonjwa ambao baada ya miaka mingi waganga waliwaruhusu kuacha dawa, wakaendelea salama; lakini hao walipimwa mara kwa mara kwa vipimo vikali, tayari kuanza tena. Kuacha kwa kukisia si kuacha huko.

Mtasema: Dawa ya namna hiyo maskini ataipata wapi? Ni kweli, mwanzoni bei yake ilikuwa kubwa mno. Lakini mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliandika imatinibu katika orodha ya dawa za lazima, na sasa makampuni mengi huitengeneza. Karibu nasi pia, kule Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kulifunguliwa mwaka 2012 hospitali ya kutibu kansa katikati ya vijiji vya wakulima, na wagonjwa wa lukemia hii hutibiwa huko. Kwa hiyo mtu asiketi nyumbani akingoja kufa kwa kuwa amesikia neno «kansa». Aende hospitali ya wilaya, aombe damu ipimwe, aulize atapelekwa wapi.

Nanyi wanafunzi, mkisoma habari za kinasi na fosfati, msidhani ni maneno ya kukariri siku ya mtihani tu. Fischer na Krebs walikuwa wakichunguza misuli na sukari. Hawakujua ya kuwa miaka arobaini na zaidi baadaye elimu yao ingemfikia mtu aliyelala kitandani na wengu lililovimba. Someni kwa bidii. Bado ziko kinasi nyingi ambazo hatamu zake hazijajulikana vema, na huenda mmoja wenu ndiye atakayezipata.